Kaskazi, Ramadhani na kiu ya paka wa mlangoni

Kaskazi imeshika. Baraza zajaa baada ya Isha, feni zazunguka usiku kucha na kila nyumba yalalamikia tokeni za stima. Februari na Machi ndiyo miezi inayotuchoma zaidi hapa Mombasa. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na usiku ni nadra kushuka sana chini ya 24. Nambari hizo pekee hazielezi hali yenyewe. Garissa kuna joto kuliko huku, lakini mtu wa Garissa akishuka pwani ndiye wa kwanza kulalamika. Kinachotumaliza ni fukuto, ule unyevu wa bahari unaofanya jasho likukae mwilini lisikauke.

Na jasho hupoza mwili pale linapokauka, si pale linapotoka. Sasa fikiria kiumbe asiyetoka jasho, au atokaye kidogo tu. Paka hutoka jasho nyayoni, basi. Sehemu nyingine hujilamba, na mate yakikauka kwenye manyoya ndiyo humpoza. Mbwa hutweta ulimi nje. Kuku hufungua mdomo na kutanua mbawa. Sungura hutegemea masikio yake marefu kutoa joto. Karibu njia zote hizi zataka maji yakauke hewani, na hewa yetu mwezi wa Februari imeshashiba maji tayari. Ndiyo maana joto la nyuzi 33 hapa Makadara laweza kumwangusha mnyama ambaye angelivumilia mahali pakavu.

Ongeza kwamba mnyama lazima awe na maji mwilini kwanza ndipo aweze kujipoza. Paka aliyekaukiwa hana mate ya kujilamba.

Miaka hii kuna jambo jingine ambalo sijasikia likisemwa. Ramadhani imeangukia katikati ya kaskazi, na kwa kuwa mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, itakaa kwenye joto hili kwa miaka kadhaa bado. Mtu husema, mimi mwenyewe nafunga, na paka naye avumilie. Lakini tazama paka wa Mji wa Kale anavyoishi. Hategemei bakuli la mtu mmoja, ategemea mtaa mzima: kichwa cha samaki saa tano asubuhi dada anapoparua samaki mlangoni, maji ya kuoshea mchele yanayomwagwa ukumbini, mifupa ya hoteli, tonge la mtoto. Ikiingia Ramadhani, yote hayo husimama kwa pamoja tangu alfajiri. Jiko huwashwa alasiri. Hoteli zafungwa mchana. Vyombo havioshwi adhuhuri kwa sababu hakuna aliyekula. Mifereji inayopitisha maji ya jikoni hukauka. Paka hakunuia saumu, lakini yumo ndani yake, na hana daku.

Kisha Magharibi hutupiwa kila kitu kwa mara moja, kachri, mabaki ya sambusa na mifupa ya biriani, naye hula kwa pupa bila tone la maji. Chakula cha chumvi na pilipili juu ya mwili uliokauka humzidishia kiu.

Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatuni kumnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu twaijua toka chuoni. Imo katika Bukhari na Muslim, pamoja na ile ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Walimu wetu watazisherehesha mwezi mtukufu, nami siwezi kuzieleza kuwashinda. Mimi nataka tuzungumze habari ya bakuli.

Paka wa kilo nne huhitaji kiasi cha robo lita ya maji kwa siku, ukihesabu na yale yaliyomo ndani ya chakula chake. Yaani mtungi mmoja wa lita 20, ule tunaouziwa na wa mkokoteni, watosha paka 80. Nasema haya kwa sababu najua jawabu la kwanza litakuwa maji ni shida, na ni kweli maji Mombasa ni shida. Lakini shida hiyo haifiki kikombe kimoja cha chai.

Bakuli liwe zito na pana. Kifuu cha nazi, ambacho wengi wetu huwekea kuku, hupinduka na hushika maji kidogo mno. Sufuria au bati likipigwa na jua huchemka hadi mnyama hawezi kutia ulimi. Bakuli la udongo au la kauri ndilo zuri zaidi. Liweke penye kivuli, na ukumbuke kwamba kivuli hutembea: ukuta ulio na kivuli saa tatu asubuhi waweza kuwa jua tupu saa saba. Ukiwa huna hakika, weka mawili, moja kila upande wa nyumba.

Jirani atakwambia unafuga mbu. Ana haki kusema hivyo, kwani mji huu umeshapigwa na dengi na chikungunya, na mbu anayeleta maradhi hayo hupenda maji safi yaliyotuama karibu na nyumba. Lakini yai la mbu huchukua karibu wiki moja hadi kuwa mbu anayeruka. Bakuli linalomwagwa na kusuguliwa kila siku halifugi mbu. Kusugua ndiko muhimu, maana mayai hushikamana pembeni mwa chombo, na ukibadilisha maji tu bila kusugua yabaki pale pale. Fanya baada ya Alfajiri na urudie alasiri.

Maji yenyewe yawe matamu. Visima vyetu vingi kisiwani vimeingiwa na chumvi, na kuna watu wanaodhani mnyama hajali. Ajali. Paka ataonja na kuondoka, na kuku wanaonyweshwa maji ya chumvi wakati wa joto huharisha na kupoteza maji zaidi ya waliyokunywa. Maji ya udhu yaliyobaki birikani ni matamu na ni safi. Tena paka akinywa humo kabla hujatawadha, maji hayaharibiki. Ni hadithi mashuhuri ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi.

Paka wa ndani wana taabu yao nyingine. Siku hizi kwenye ghorofa za Tudor na Nyali kuna mtindo wa paka wa Kiajemi, wale wenye manyoya marefu na pua iliyobonyea. Ni wazuri wa kutazama. Lakini pua ile fupi haipitishi hewa ya kutosha, na mnyama asiyeweza kuhema vizuri hawezi kujipoza. Kumfungia paka wa aina hiyo ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa, feni imezimwa ili kuokoa tokeni, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, ni hatari ya kweli. Mwachie dirisha lenye wavu, pazia lishushwe upande wa jua, na mlango wa bafu uwe wazi, kwani sakafu ya vigae ndiko atakakokwenda kulala mwenyewe. Usimnyoe hadi ngozi. Mchane kila siku uondoe manyoya yaliyokufa, inatosha. Na kama paka wako ni mweupe, mtazame ncha za masikio. Ngozi ile isiyo na rangi huungua kwa jua, na kuungua kwa miaka huweza kugeuka saratani. Kidonda cha sikio kisichopona kwa paka mweupe kisidharauliwe kwamba ni kucha za mwenzake.

Sasa mbwa. Hapa najua baadhi ya wasomaji watakunja uso. Sisi tulio wengi hapa ni Mashafi, twajua hukumu ya mate ya mbwa na kuosha mara saba. Sawa. Lakini hukumu ya twahara ni jambo moja na kumnyima kiumbe maji ni jambo jingine, na sioni ni wapi moja imehalalisha la pili. Pita Kisauni au Bamburi mchana, utazame nyuma ya mageti. Mbwa wa ulinzi amefungwa mnyororo wa mita moja na nusu, kibanda chake ni bati, bakuli limepinduka tangu asubuhi. Mwenye nyumba atasema hamgusi kwa sababu ya najisi. Basi asimguse. Amwekee ndoo ndani ya tairi kuukuu ili isipinduke, ajaze kwa mpira akiwa amesimama mbali, na mnyororo uwe mrefu kiasi cha kufika kwenye kivuli saa zote za mchana. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, yahesabu kumnyima mnyama maji kuwa kosa, na haikubagua mbwa na paka.

Anayemtembeza mbwa afanye hivyo kabla ya jua kupanda au baada ya Magharibi. Kabro na lami hushika moto hata jua likipungua. Weka mgongo wa mkono wako juu ya kabro uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo hazitavumilia.

Punda wa Lamu si mnyama wa kufugwa kwa mapenzi kama paka, ni mfanyakazi. Lakini hakuna mnyama wa pwani anayelipa gharama ya kaskazi kama yeye, na siwezi kuandika habari ya joto nikamruka. Punda hutoka jasho kama sisi, kwa hivyo hupoteza maji na chumvi nyingi. Akifanya kazi kwenye joto huhitaji lita 20 kwa siku na pengine zaidi. Nikikaa pale ukingoni Lamu na kutazama mchanga na saruji vikiteremshwa majahazini, naona tatizo ni la bahari kama lilivyo la watu. Jahazi hufuata maji kujaa. Yakijaa saa saba mchana, mzigo hushushwa saa saba, na punda hupakiwa papo hapo jua la utosi, kwa kuwa mwenye mchanga ataka kumaliza. Lakini kushusha na kupeleka si lazima vifuatane. Mchanga hauozi. Ukimwagwa ukingoni saa saba, waweza kungoja saa kumi na nusu ndipo upelekwe mitaani. Wenye kujenga wangekubali kuchelewa nusu siku, punda wangepata saa tatu za kivuli. Wachukuzi peke yao hawawezi kuamua hilo, maana asiyepakia sasa hivi kazi hupewa mwingine. Ni mwenye nyumba anayejengewa ndiye aseme.

Uzito nao. Wataalamu wa punda husema mzigo usizidi theluthi ya uzito wake. Punda wa kilo 150, basi, mzigo wake ni kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Mmoja. Kwenye joto upungue.

Kuna itikadi ya zamani kwamba punda mwenye jasho asipewe maji, atapata msokoto wa tumbo. Kijana mmoja wa Matondoni alinikatiza nilipolizungumza hili. "Ami, babu zetu wote walimwacha apoe kwanza." Nilimjibu kwamba madaktari wa wanyama wa sasa hawaoni ushahidi wa hilo. Punda aliyekauka apewe maji mara moja, ndoo nusu, apumzike dakika chache, apewe tena. Kumchelewesha ndiko kunakomletea msokoto, kwani chakula kikavu tumboni hukwama. Na punda ana tabia ya kuficha maumivu. Farasi atapiga kelele, punda husimama kimya na masikio yamelegea, na watu wakadhani amepumzika. Chini ya tandiko jasho hulainisha ngozi na gunia la nailoni huichuna. Tumia kitambaa cha pamba au mkeka uliochakaa, uoshwe na kukaushwa kila siku. Kliniki ya punda iliyofunguliwa Lamu mwaka 1987 na shirika la hisani la Uingereza bado ipo na hutibu bila malipo, kwa hivyo hakuna sababu ya kidonda kuachwa hadi kiingie funza.

Kuku. Kinachowaua ni bati. Bati tupu lililopigwa na jua la adhuhuri huweza kupita nyuzi 60, na banda fupi lililojengwa kwa mabati juu na pembeni ni tanuri. Babu zetu waliezeka makuti kwa sababu. Kama umeshaweka bati, tandaza makuti juu yake, au lipake chokaa nyeupe, na ubandue ukuta mmoja uweke wavu. Kuku wa gredi waliobakisha wiki moja kuuzwa ndio hufa kwanza, kwa kuwa wana nyama nyingi na mwili unaozalisha joto kila wanapokula. Wape chakula alfajiri na tena alasiri. Kati ya saa sita na saa kumi waondolee chakula uwaachie maji tu, ukiweza na barafu ndani yake. Wasijazane. Mtu mwenye kuku 100 katika banda la kuku 60 ahesabu hasara yake mapema.

Lakini tahadhari na jambo moja. Kuku anayehema kwa joto hupata nafuu usiku ukiingia. Akiendelea kukoroma usiku, kinyesi chake ni kijani, shingo yapinda, hilo si joto, ni kideri, na banda zima laweza kwisha kwa siku chache.

Sungura ni dhaifu kuliko wote hawa. Joto likipita nyuzi 28 ameshaanza kuteseka, yaani hapa kwetu huteseka karibu kila siku. Mtilie chupa ya maji iliyogandishwa, ifungwe kitambaa, ataiegemea. Kasuku na njiwa wa kizimbani wasitundikwe roshani upande wa magharibi, na kizimba kisifunikwe kanga nzito mchana.

Gari nalo ni kaburi. Foleni ya feri ya Likoni yaijua kila mtu. Ukiwa na paka kwenye kikapu au mbuzi kwenye buti, usishuke kununua maji ya madafu ukafunga vioo. Kwenye jua letu, ndani ya nusu saa gari lililofungwa hupita nyuzi 45, na kuacha kioo wazi inchi mbili hakubadilishi kitu. Kwa upande mwingine, paka wa mtaani hutafuta kivuli chini ya magari na wengine hupanda hadi kwenye injini. Kabla ya kuwasha, gonga boneti mara mbili.

Sasa utamjuaje mnyama aliyezidiwa? Paka anayehema mdomo wazi kama mbwa yumo hatarini, hiyo si kawaida yake kabisa. Mbwa atatweta bila kupumzika, mate mazito, ufizi mwekundu mno kisha wa kijivu. Baadaye huyumba, hutapika, huanguka. Joto la kawaida la paka na mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41 viungo vya ndani vyaanza kuharibika, na hapo dakika zahesabiwa.

Mtoe juani. Mmiminie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na nyayoni, mfululizo, huku ukimpepea kwa feni au hata kwa kipepeo cha jikoni. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, kwa sababu baada ya dakika chache taulo hilo hupata joto na kumfukiza. Akiweza kunywa mwenyewe, anywe. Hawezi, usimtilie maji mdomoni kwa nguvu, yatampalia. Mpoze kwanza, ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo, vioo vya gari vikiwa wazi.

Nataka nitue hapa kwenye Panadol, kwa kuwa nimeisikia mara nyingi mno. Mtu anamshika paka, mwili ni moto, asema ana homa, amvunjia kidonge. Panadol ni sumu kwa paka. Maini yake hayawezi kuivunja dawa hiyo, na tembe moja ya mtu mzima yatosha kumuua. Tena joto la jua si homa, halishuki kwa dawa ya homa hata kama angekuwa mnyama mwingine. Wala asipewe aspirini au dawa ya maumivu iliyobaki kabatini.

Na kama mnyama si wako na humjui, anayumba, anatoa mate mengi, hawezi kumeza, usimshike. Dalili hizo ni za joto na ni za kichaa cha mbwa pia, na kwa macho huwezi kutofautisha. Watoto wakae mbali, msukumie bakuli kwa fimbo, na ita afisa wa mifugo wa kaunti. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, asingojee kuona kama mbwa atakufa.

Mnyama wako akiamka, akatembea, akala, bado mpeleke aangaliwe. Figo zilizochomwa na joto hutoa dalili baada ya siku mbili au tatu, wakati mwenye mnyama ameshashukuru na kusahau. Mtazame akikojoa. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au usipotoka kabisa, rudi kwa daktari usiku huo huo.